Sekunde Saba za Uani: Tafakari kwa Vijana Wanaorusha Droni



Vijana wenzangu, kuna swali naulizwa karibu kila Jumapili nikitoka Misa ya pili, pale chini ya mwembe tunapopangia viti vya mkutano wa VIWAWA: "Kaka, zile video za droni unahariria kwenye programu gani?" Kwa muda mrefu nilikuwa najibu kama fundi. Nataja jina la programu, basi, naondoka zangu. Leo nataka nijibu vizuri. Jibu litapita kwenye programu kweli, msiwe na wasiwasi, ila litapita pia uani kwa watu na kwenye kiti cha kitubio. Sehemu hizo mbili ndizo zilizofanya andiko hili likae kwenye rasimu miezi mizima.

Droni yenyewe si yangu. Ni ya kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayefanya kazi Muscat. Alikuja likizo nayo, DJI Mini 2, kadude kasikofika gramu 250, akanifundisha kukarusha kule Raskazone, na alipoondoka akaniachia. Kwetu sisi ni Wabondei, na mnaotujua mnajua: nyumba moja, huyu anaenda Misa, yule anaenda msikitini Ijumaa, na sufuria ya pilau ni ile ile. Nalisema hili mapema kwa sababu litahitajika mbele.

Basi nikarusha. Nilirusha Raskazone, nikarusha juu ya soko la samaki la Deep Sea alfajiri ngalawa zinaporudi, nikarusha ng'ambo kukitazama Kisiwa cha Toten kilivyokaa katikati ya bandari kama kobe. Nilipanda hadi mashamba ya mkonge, ile mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Jamani, mkonge ule wote ulianza na vichipukizi 62 tu vilivyofika hai Tanga mwaka 1893, vilivyoletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Ukiuona kutoka juu unashangaa. Na niseme ukweli wa kisheria hapa hapa, maana wengine mtatoka mkimbie kununua: kurusha droni Tanzania kunataka kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wa Tanga hauko mbali na mji. Mimi siku zile sikuwa na kibali. Niliambiwa, nikasema "kadogo haka, nani atakaona?" Hilo nalo niliungama.

Sasa tuje kwenye programu.

Kitu cha kwanza ambacho hakuna aliyeniambia ni uzito. Droni hiyo inarekodi 4K kwa kasi ya hadi megabiti 100 kwa sekunde. Piga hesabu: ni karibu MB 750 kila dakika moja. Ukirusha dakika 40, umekula GB 30. Mimi nilikuwa na laptopu ya mtumba, RAM GB 8, na feni inayolia kama mashine ya kusaga. Bwana wetu katika Luka 14 anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara bila kuketi kwanza kuhesabu gharama, halafu watu wakamcheka. Nilikuwa mtu yule.

Nilianza na simu. CapCut, ya kampuni ya ByteDance, hao hao wa TikTok. Siwezi kuisema vibaya. Kwa kipande kifupi cha sekunde 30 cha kwaya inatosha, inakata haraka, na maandishi unaweka kwa kidole. Ila nilipoipa faili la 4K la dakika tano, simu ikapata homa. Na vitu vingi unavyovipenda mle ndani siku hizi vimewekewa bei.

Halafu nikaingia kwenye jaribu. Wapo vijana mjini wanaokuwekea Premiere Pro ya kraki kwa elfu kumi, kwenye flashi. Programu yenyewe ni ya Adobe, inalipiwa kila mwezi, na kwa mfuko wangu ule mwezi ulikuwa haufiki. Nikajisemea wale ni matajiri, hawatalala njaa. Jamaa akanipa flashi na karatasi ya maelekezo. Mstari wa kwanza wa ile karatasi, naukumbuka mpaka leo, uliniambia nizime antivirasi kwanza.

Niliucheka mstari ule baadaye sana, tena si kicheko kizuri. Kila dhambi niliyowahi kufanya kwa makusudi imeanza na mstari huo. Kuna mlinzi ndani anayepiga kelele, nawe unamwambia akae kimya kidogo, dakika tano tu, tuweke hiki kitu halafu tutakuwasha. Amri ya saba inasema usiibe. Haikuongeza "isipokuwa kwa matajiri wa ng'ambo". Na kwa upande wa ufundi, virusi vinavyofunga mafaili ya watu na kudai fidia hupenda sana kupita kwenye kraki hizi, kwa sababu mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Yangu haikufika huko kwa fidia, ilianza tu kuzima yenyewe na kufungua kurasa za ajabu, mpaka nikalazimika kufuta kila kitu na kuanza upya. Nilipoteza picha zote za kwaya yetu za miaka minne. Mwalimu wa kwaya hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na ile ya marehemu Mama akiimba solo?" Nayo ilikuwemo.

Kwa hiyo nikatafuta cha halali. Cha kwanza kikawa DaVinci Resolve, ya Blackmagic Design ya Australia. Hii, vijana, ni zawadi. Toleo la bure linakutolea video hadi ya 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde, bila alama yoyote ya kampuni juu ya picha, na kwa kurekebisha rangi ndiyo baba lao. Ilianzia huko kabla haijawa programu ya kuhariri. Bahari yetu ya saa nne asubuhi, inayotoka imeungua nyeupe, Resolve inaweza kuirudishia kibuluu chake kama picha haikuungua kabisa. Ukitaka toleo kamili unalipa mara moja tu, si kila mwezi. Lakini inataka mashine: RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya maana. Yangu iliifungua, ikatafakari kama mtawa, ikazima.

Mwisho nikatua kwenye Kdenlive. Ni ya bure kabisa, imetengenezwa na watu wanaojitolea chini ya jumuiya ya KDE, na ufunguo wake uko wazi kwa yeyote. Shotcut nayo ni ya namna hiyo hiyo na wengine mtaiona rahisi zaidi. Zote mbili zina kitu kilichoniokoa: proksi. Maana yake programu inatengeneza nakala nyepesi ya kila video, wewe unahariri ile nakala nyepesi, laptopu inapumua, na siku ya kutoa kazi yenyewe inarudi kuchukua picha kutoka kwenye faili lile zito la asili. Kwa hiyo jibu la swali la chini ya mwembe ni hili: kama una mashine nzuri, Resolve, kama una mashine kama yangu, Kdenlive au Shotcut na uwashe proksi, kama una simu tu, fanya kwa simu vipande vifupi na usione aibu. Mt. Carlo Acutis, kijana wa miaka 15 aliyefariki 2006 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alitumia kompyuta yake kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi na kuziweka kwenye tovuti. Hakuna anayeuliza leo alitumia programu gani.

Kama ningekuwa mwandishi wa mambo ya teknolojia ningeishia hapa.

Parokia iliomba vijana waandae video ya dakika sita, ionyeshwe siku ya vijana, kuhusu mji wetu na imani. Kazi nikapewa mimi. Nikasema nitaanza na Ngamiani kutoka juu, zile barabara zilizopangwa kwa namba, ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, mabati yamekaa kama kitabu cha hesabu. Asubuhi moja ya kaskazi, anga safi, nikarusha kutoka paa la nyumba ya rafiki. Nikapita mita thelathini juu ya mabati. Nyumba zetu za Kiswahili mnazijua: mbele kuna baraza, watu wanapita, kahawa inauzwa, kila mtu anaonwa. Nyuma kuna uani. Uani kumezungushiwa ukuta na paa za jirani, ndiko mama anakoosha mtoto, ndiko mtu anakofungua mtandio. Miaka yote mafundi waliojenga nyumba zile walijua macho ya mtu hutoka mlangoni, dirishani au barabarani, wakaziba huko kote. Juu hawakuziba. Nani alikuwa anapita juu, zaidi ya kunguru na Mungu?

Nyumbani usiku nikafungua taimlaini. Nikakuta sekunde saba. Bibi mmoja ameketi kwenye mkeka uani, kichwa wazi, mjukuu nyuma yake anamsuka nywele nyeupe, na yule bibi ananyanyua uso taratibu kuangalia juu. Mwanga wa asubuhi umempiga shavuni. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Na kwa kuwa nilirekodi kwa 4K huku video nikiitoa kwa 1080, niliweza kuikuza mara mbili nzima bila kupoteza chochote. Nikaikuza. Nikaipunguza kasi. Nikaweka chini yake sauti ya kwaya ikianza wimbo wa zaburi. Watazame wenyewe, nikasema, mama wa Kitanga akiinua macho mbinguni kuomba. Nikaifanya kionjo, nikaiweka stetasi saa nne usiku, nikalala nikiwa na furaha kabisa.

Nilimjua yule bibi. Hilo ndilo la kunihukumu. Si kwamba nilimpiga picha mtu nisiyemjua. Mumewe, mvuvi wa Deep Sea, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na mimi ni mmoja wa waliobeba jeneza lake, nikapokezana bega na wanawe mpaka makaburini. Nilikula ubwabwa wa khitma pale pale kwenye baraza lake. Nilijua kabisa kwamba yuko eda. Kwa ambao hamkukulia pwani: mjane wa Kiislamu anakaa miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila dharura, na kwetu huku hataki kuonwa na mwanamume wa kando. Jirani zetu wote wanaliheshimu hilo, Mkristo na Mwislamu. Hata mwenye kuleta maji huita kwanza, anaweka ndoo mlangoni, anaondoka. Lakini kutoka juu sikuona jirani, niliona picha nzuri.

Asubuhi mwanawe mkubwa akaja. Ni rafiki yangu, tumecheza mpira pamoja tangu Makorora shule ya msingi. Hakuingia ndani.

"Hebu toka kidogo."

Nikatoka.

"Yule uliyemweka stetasi unamjua?"

"Namjua. Ni mama."

"Yuko eda."

Nikanyamaza.

"Wameona wangapi?"

Nikafungua simu. Mia moja arobaini na tatu.

"Wanaume wangapi?"

Ndugu zangu, nimesimama mbele ya watu wengi katika maisha yangu, nimesoma somo la kwanza mbele ya askofu, lakini sijawahi kujisikia mdogo kama nilipokuwa nashusha ile orodha ya majina kwa kidole huku yeye ananingoja. Nilifuta pale pale mbele yake. Akaniambia, bila kelele, "Binamu yetu wa Pangani kaipata kwenye kundi. Nani kaipeleka kule, wewe unajua?" Sikujua. Mtu aliirekodi akaipeleka. Kisha akasema neno moja ambalo lilikuwa zito kuliko kofi: "Mama kasema nisije. Nimekuja mwenyewe."

Jumamosi nikaenda kuungama. Padre amefungwa na siri ya kitubio, mimi sikufungwa, kwa hiyo nawaambia. Nilieleza vizuri sana, kwa ufasaha, nikaweka na "sikukusudia" mbili tatu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza:

"Hicho kipande kiko wapi sasa?"

"Nimekikata, Padre. Kwenye video hakimo tena."

"Nimekuuliza kiko wapi."

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu aliyewahi kuhariri anajua jibu. Programu zote hizi, iwe ya bure iwe ya kulipia, ukikata kitu kwenye taimlaini hujakata kitu chochote. Faili la asili liko pale pale, halijaguswa hata nukta. Kinachobadilika ni maandishi madogo ya mradi yanayoiambia programu: hapa usionyeshe. Ni utaratibu mzuri sana kwa kazi, maana ukikosea unarudi nyuma. Mimi nilikuwa nimekwenda kuungama na nakala iliyohaririwa, huku faili zima liko kwenye kadi, na nakala nyingine iko Pangani.

"Kipo, Padre."

"Unakiwekea nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakipenda. Nilitumaini kwamba baada ya mwaka, watu wakisahau, nitapata pa kukitumia. Nikamwambia hivyo. Akasema asante kwa kuungama hiyo, ndiyo dhambi yenyewe, zile nyingine zilikuwa maelezo.

Katekisimu namba 1459 inaeleza jambo ambalo vijana wengi tunaliruka: ondoleo linafuta dhambi, lakini madhara dhambi iliyoleta hayajirekebishi yenyewe; aliyeiba arudishe, aliyechafua jina la mtu alisafishe, na aliyejeruhi atafute namna ya kuponya. Malipizi yangu yakawa mawili. Kwanza nikifute kile kipande chenyewe, kwenye kadi, kwenye laptopu, kwenye proksi, na nimtafute kila mmoja aliyekisambaza nimwombe afute. Pili, video ya parokia isionyeshwe mpaka nimepatana na ile familia. Nikamwambia Padre, siku ya vijana ni Jumapili ijayo na watu wanaingoja. Akanirudisha Mathayo 5, kwa yule mtu anayeleta sadaka yake altareni halafu anakumbuka ndugu yake ana neno juu yake. Yule aliambiwa aiache sadaka hapo hapo na kwenda. Nami nilikuwa nadhani sadaka ile ni mbuzi au pesa. Safari hii ilikuwa video ya dakika sita, MB 900, na jina langu mwishoni.

Haikuonyeshwa. Jumapili ile wakaonyesha picha za mnato za kambi ya mwaka uliopita, projekta ikazimika mara mbili, na wenzangu wa VIWAWA wakaninunia hadi Kwaresima. Sikuwaeleza sababu, maana kueleza kungekuwa kumwonyesha yule mama mara ya pili. Kufuta kulinichukua wiki tatu. Watu mnaowaomba wafute kitu wanakuuliza kwanza, "Kipi hicho? Ngoja nikitazame." Kile cha Pangani nilikwenda mwenyewe, kwa basi.

Kipindi kile nilisoma Maandiko kwa jicho la mrusha droni, na nikashangaa ni mara ngapi mtu anaharibikiwa akiwa juu. Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 11, hakumfuata mwanamke njiani. Alikuwa anatembea juu ya dari ya jumba lake jioni, akaona mtu anaoga. Yaani ni hadithi yangu, tofauti ni kwamba yeye hakuwa na betri ya nusu saa. Shetani katika Mathayo 4, anapotaka kumwonyesha Bwana milki zote za dunia na fahari yake, anampandisha kwenye mlima mrefu sana. Kutoka kule juu hakuna ukoma unaoonekana, hakuna mjane, hakuna harufu. Ni fahari tu. Bwana alikataa picha ile, akashuka, na sura hiyo hiyo haijaisha yuko katikati ya wagonjwa. Halafu kuna Zakayo. Yeye alipanda mkuyu kwa nia njema, kwa sababu ni mfupi, na Bwana hakumgombeza kwa kupanda. Ila hakumwacha kule juu. Alimwambia ashuke upesi, maana ana kazi naye nyumbani.

Nimewahi kusikia watu wakihubiri kwamba droni ni macho ya Mungu. Mimi naomba msiseme hivyo. Mt. Klara wa Assisi, ambaye Papa Pius XII alimtangaza msimamizi wa televisheni mwaka 1958, alipewa kuona Misa ya Noeli akiwa mgonjwa kitandani, kwenye ukuta wa chumba chake. Aliona kwa sababu hakuweza kwenda. Mimi niliweza kwenda. Nyumba ile ni ya nne kutoka kwetu.

Eda ikaisha. Nikasubiri wiki moja zaidi, nikamtuma mama yangu akaulize kama naweza kuja. Jibu likarudi: aje baada ya alasiri. Nikapiga hodi mlango wa mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, keti."

Nilikuwa nimejiandalia maneno, yakapotea yote. Nikapiga goti kwenye sakafu nikasema nimekosa, naomba radhi. Akaniacha hapo kidogo, si kwa ukatili, nadhani alitaka liwe jambo la kweli na si la haraka. Kisha akasema, "Inuka. Ujue mimi sikuijua ni nini. Nilisikia mvumo juu. Nikamwambia huyu mtoto, mjukuu wangu, ingia ndani, nyuki hao. Nikaangalia juu niwaone wanakuja kutoka wapi."

Droni zile hazirekodi sauti. Hakuna kinasa sauti mle ndani, na hata kingekuwepo kingesikia panga zake tu. Ndiyo maana kila video ya droni unayoiona ina muziki: mtu ameketi mahali akachagua wewe usikie nini. Yule mama aliogopa nyuki, alikuwa anamwokoa mjukuu. Mimi nilimpa zaburi. Nilifanya hofu iwe sala, kwa kuburuta faili moja na kuliweka chini ya picha, na watu 143 waliamini.

Nilimweleza hivyo. Akacheka. Alicheka kweli, mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Halafu akauliza, "Na baharini, ulipita?"

"Nilipita, bibi. Deep Sea, asubuhi."

"Hebu."

Laptopu nilikuwa nayo begini, kwa sababu nilikusudia kumwonyesha kwamba kile kipande hakipo tena. Hilo hata hakuliuliza. Nikamfungulia ngalawa zinarudi, Toten kwa mbali, povu, matanga yamejaa. Alitazama kwa muda mrefu. Mumewe alitoka bahari ile miaka arobaini, na yeye, aliniambia, hajawahi kumwona akiwa kazini hata siku moja. Alikuwa anamwona akiondoka na akirudi.

"Mbona haisemi?"

"Haina sauti, bibi."

"Basi ngoja nikwambie mimi."

Nikaomba ruhusa ya kurekodi. Akaita mwanawe, wakaulizana, akakubali sauti tu, uso hapana. Nikaweka simu juu ya mkeka. Akaanza kueleza kile tulichokuwa tunakiona: huo ni upepo wa kaskazi, ona tanga linavyolala, huyo wa mbele ana samaki, kwa sababu ngalawa imekaa chini, huyo wa nyuma hana kitu, na mkewe ameshajua, maana mke hutazama urefu wa ubao juu ya maji kabla hajatazama uso wa mume. Alieleza jinsi marehemu alivyokuwa akipiga kelele moja akikaribia pwani, si jina lake, kelele tu, naye akaisikia toka ndani na kuweka chungu jikoni. Akaitoa ile kelele. Mwanawe aliyekuwa amesimama mlangoni akageuka akatazama nje.

Ni dakika kumi na moja. Nimeiweka chini ya picha za ngalawa kwenye Kdenlive, sijakata hata pale alipokohoa. Nakala ya kwanza nilimpelekea mwanawe kwenye flashi, na hii ya pili iko kwangu. Ameniambia nisiionyeshe popote mpaka wadogo zake walioko Dar waisikie kwanza. Wanakuja sikukuu.